Nafasi ya Skuta Moja

Ukitaka kumjua dereva wa lori la majani chai, mweke nyuma ya skuta mbili kuukuu asubuhi ya mvua. Majani yamejazana kwenye magunia, yakikawia yanapata joto na kuharibika, kiwanda kinangoja, na mbele yake wazee wawili wanatambaa kama watu wanaopima barabara. Kwa miaka mingi madereva wa Kericho waliwatukana Kiptanui na Oyugi kwa Kikipsigis, kwa Kijaluo na kwa lugha nyingine zisizo na jina. Wazee hawakujali. Walikuwa wamestaafu pamoja kutoka kiwandani na hawakuwa na mahali pa kuwahi.

Walikuwa na utaratibu mmoja ambao hawakuuvunja hata siku moja. Mwenye skuta dhaifu alitangulia, asije akaachwa. Skuta dhaifu ilikuwa ya Oyugi, ile ya rangi ya maziwa, iliyokohoa kwenye kila kilima na ambayo taa yake ya nyuma ilikufa kabla watoto wake hawajaanza shule. Ya Kiptanui ilikuwa nzima, yenye gia nne na injini ya kuringia, lakini alikaa nayo nyuma akawa ndiye taa ya mwenzake. Lori lilipokuja alichungulia mbele, akiona barabara iko wazi alinyoosha mkono na kulipungia lipite. Oyugi hakuwahi kugeuza shingo.

"Nikigeuka nitaanguka," alikuwa akisema. "Na wewe si uko hapo?"

Mvua za masika ziliposhika, figo za Oyugi zikamgomea. Kiptanui alikwenda kumwona kitandani akiwa na kibuyu cha mursik, maziwa ya kugandisha ambayo Oyugi alidai miaka yote kwamba yananuka moshi, kisha kila mara akayamaliza. Safari hii aliyaonja tu. Alimshika Kiptanui mkono, jambo ambalo hawakuwa na mazoea nalo, akamwambia, "Wakinipeleka nyumbani, usiniache njiani."

"Nitakufikisha," Kiptanui akamjibu. Aliona haya kulia mbele ya mgonjwa, akasingizia moshi wa jikoni.

Siku ya kumpeleka Oyugi nyumbani ziwani akazikwe, Kiptanui alifika mochari mapema, amevaa koti la kanisani na helmeti, na kibuyu kimefungwa nyuma ya kiti. Christabel, binti wa kwanza wa Oyugi, alikuwa akisimamia kupakia jeneza.

"Baba Kiptanui, si uingie kwa gari na sisi? Nafasi iko."

"Hapana, mama. Nilimwambia nitamfikisha. Na nikikaa nyuma mtaniacha, hiyo magari yenu inakimbia. Wacha mimi nitangulie."

Owino, dereva wa gari la maiti, aliitazama skuta kuanzia taa hadi tairi. "Mzee, mazishi ni saa nane. Kule nyumbani wazee hawacheleweshi kaburi. Hii kitu itaweza kweli?"

"Itaweza."

Christabel alimtazama yule mzee na koti lake, akakosa moyo wa kumkatalia. Akamwambia Owino afuate.

Basi wakatoka Kericho hivyo, skuta mbele, gari la maiti nyuma yake, kisha mabasi mawili ya waombolezaji na magari madogo. Mashamba ya chai yalikuwa yamelowa pande zote mbili, na wachumaji wenye aproni za plastiki kiunoni walisimama kuangalia. Kiptanui alishika pembeni kabisa mwa lami. Alikwenda kama alivyozoea kwenda, gia ya pili, mara chache ya tatu. Kila mara alitupa macho kwenye kioo, akaliona gari lenye utepe mwekundu likimfuata. Lilimchanganya akili jambo hilo. Miaka yote ameutazama mgongo wa Oyugi, na sasa Oyugi ndiye yuko nyuma.

Walipopita Kapsoit, honi zilianza. Kwanza za matatu zilizokuwa zimekwama mkiani, kisha za basi la waombolezaji wenyewe. Kiptanui alizisikia akazidi kukaza macho mbele, na mkono wake ukabaki palepale kwenye usukani. Karibu na Soin, ambako hewa huanza kuwa ya joto, Owino alimkaribia, akatoa kichwa dirishani.

"Mzee, wamepiga simu kutoka nyumbani. Pasta ameshafika. Na hii mwendo tutafika giza imeingia."

Kwenye kioo Kiptanui alimwona Christabel amekaa mbele kando ya dereva, simu sikioni, anafuta macho kwa kiganja. Roho ikamuuma. Aliona wazi kwamba anamtesa mtoto wa rafiki yake siku ya kumzika baba yake. Akaiteremsha skuta kwenye changarawe, akasimama. Akachungulia mbele. Barabara ilikuwa wazi. Akanyoosha mkono akalipungia gari la maiti lipite, kama alivyoyapungia malori miaka yote.

Likapita. Mabasi yakapita. Vumbi lilipotulia alikuwa peke yake na kibuyu chake.

Alianza tena safari, pembeni, gia ya pili. Mashamba ya chai yaliishia, miwa ikaanza, na nyuma yake trekta lenye tela la miwa likapiga honi. Lilipokuwa ubavuni mwake dereva alimpigia kelele, "Mzee, mbele yako hakuna mtu. Unangoja nani?"

Kiptanui akatazama mbele. Kweli, hapakuwa na mtu. Kulikuwa na lami tupu na joto linacheza juu yake. Hapo ndipo alipokumbuka kwamba skuta yake haikuwa dhaifu kamwe. Mwendo ule ulikuwa wa Oyugi. Asubuhi nzima alikuwa ameendesha kama mtu mwenye mwenzake mbele, akijizuia asimgonge, na watu wakadhani ni uzee wa skuta. Hata yeye mwenyewe alikuwa amedhani hivyo.

Akaongeza mafuta. Akaingiza gia ya tatu, kisha ya nne, ambayo mkono wake ulilazimika kuitafuta. Skuta ikanguruma ikaruka kama ndama aliyefunguliwa. Upepo ulimpiga, machozi yakamwendea masikioni, na kadiri alivyokimbia ndivyo alivyozidi kuhisi kwamba anamwacha Oyugi barabarani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Hata hivyo alikimbia.

Alipofika nyumbani kwa Oyugi, watu walikuwa wakila. Kaburi lilikuwa limeshafunikwa, na maua yamewekwa juu ya udongo mbichi.

Christabel alimjia mbio. "Niliwaomba wangoje. Wakangoja kidogo. Mvua ikaanza kujikusanya huko ziwani, wakasema basi."

"Si makosa yako, mama." Alivua helmeti. "Hii skuta yangu inakimbia. Nilikuwa nimesahau. Tungefika na nyinyi. Mimi ndiye nilikuwa namngojea baba yako."

Akafungua kamba nyuma ya kiti, akamnyoshea Christabel mursik. Alikipokea kibuyu kwa mikono miwili, wakakaa kando ya kaburi wakalia pamoja bila kuona haya.

Asubuhi yake Owino alijitolea kuipakia skuta kwenye basi lililorudi Kericho. Kiptanui akamshukuru, akakataa. Alipanda barabara ya kurudi kwa gia ya pili, pembeni kabisa mwa lami, jua likimpiga usoni. Alipopita Soin na chai kuanza kuonekana juu vilimani, lori likapiga honi nyuma yake. Alichungulia, akaona barabara iko wazi, akanyoosha mkono akalipungia lipite. Kisha akapunguza mafuta kidogo, akaacha nafasi ya skuta moja mbele yake.