Kadi ya Nyongeza

Wiki ile yule mama hakukalika. Angeketi jikoni, angeshika vipeperushi vitatu vya benki, angevisoma mpaka katikati, halafu huyo, ameinuka tena kwenda kuangalia kama pasi imezimwa, na pasi yenyewe haikuwa imewashwa tangu Jumapili. Binti yake wa pekee alikuwa anaondoka kwenda kusomea upimaji ardhi katika nchi ambayo mama mtu aliijua kwenye ramani tu, na kabla ya safari ilibidi ipatikane kadi ya mkopo ya kutumia huko. Benki ilikuwa na kadi za aina tatu. Mtu mwingine angechagua moja akaenda zake kulala. Yeye alizichambua kama mchele wa harusi.

Kazini walimwita Mnara. Alikuwa ameajiriwa na kampuni ya malori, na kazi yake ilikuwa kukaa mbele ya skrini na kujua kila lori liko wapi. Kitone cha lori kikisimama pasipo sababu, yeye anainua simu. Madereva walimwogopa kuliko polisi. Mmoja wao aliwahi kukatisha njia akapita kwa mchumba wake kunywa chai, hata sukari hajawekewa, simu ikalia, na sauti ya Mnara ikamwambia, "Chai ikiisha uondoke." Jina likamganda tangu hapo, naye kimoyomoyo alilipenda. Mumewe alifariki akamwachia mtoto mchanga na wasiwasi wa watu wawili, na tuseme ukweli, si wengi wanaopata mshahara kwa wasiwasi wao.

Afisa wa benki alikuwa kijana mwenye tai iliyomkaba shingo, mpole, aliyemwamkia shikamoo kabla hajakaa.

"Kadi ya Kawaida haina ada ya mwaka," alisema akimsogezea kipeperushi. "Lakini kila mtu akinunua kitu nje ya nchi tunakata asilimia juu yake. Kwa mwanafunzi, hiyo itamtafuna taratibu. Tena ni ya mtu mmoja tu. Ya Fedha ina ada ya mwaka, ila nje haikatwi kitu, na unapewa kadi ya nyongeza kwa jina la binti. Deni linabaki kwako, lakini kikomo chake unakipanga mwenyewe."

"Na ya Dhahabu?"

"Hiyo ada yake ni kubwa. Ina bima ya safari, ina vyumba vya kupumzikia kwenye viwanja vya ndege..."

"Mwanangu anakwenda mara moja, anarudi mara moja. Akichoka atapumzika kwangu."

Kijana akacheka. "Basi ni ya Fedha, mama. Riba isikutishe. Ukilipa lote kabla ya tarehe, hulipi riba. Na kadi inapotumika, ujumbe unaingia kwenye simu papo hapo."

Mguu wa mama, uliokuwa ukitikisika chini ya meza tangu alipoketi, ukatulia.

"Ujumbe unasemaje?"

"Jina la duka, kiasi, na saa."

"Kwa hiyo akinunua chakula, nitajua?"

"Utajua duka."

"Na asiponunua?"

Kijana alimtazama kidogo. "Hapo hakuna ujumbe, mama."

Hiyo haikumsumbua. Alitoka pale mwepesi, kwa sababu alikuwa ameshakiona kitone chake kipya, ng'ambo ya bahari, kikienda dukani na kurudi. Ada, asilimia, riba, vyote vilikuwa maneno ya kumpamba bibi harusi. Kadi aliyoitaka ni ile itakayomwambia mtoto yuko wapi.

Binti alikuwa chumbani akipanga nguo kwenye sanduku. Mama aliingia akamwaga habari zote kabla hajavua mkoba, na alipofika kwenye ujumbe akapunguza sauti, kana kwamba ni jambo dogo la kupita tu. Lakini yule binti alimjua mama yake kama anavyoijua njia ya bafuni.

"Rudia hapo. Ujumbe unakuja kwa nani?"

"Kwa mwenye akaunti. Si ndio utaratibu wao?"

"Kwa hiyo nikinunua soda, unajua. Nikikaa mkahawani na wenzangu, unajua. Nikichelewa kurudi, unajua nimechelewea wapi."

"Na ubaya uko wapi? Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi."

"Mama, mimi si lori!" Binti alitupa gauni sandukuni bila kulikunja. "Ulimpigia simu dereva wa basi la shule mpaka akabadilisha namba. Nilipokwenda kambi ya skauti ulimpigia mpishi. Mpishi, mama! Shule nzima waliniita Kifurushi."

"Kambi ile ilikuwa na mto."

"Sitaki kadi. Nipe taslimu nitakazoweza kubeba, zikiisha nitajua mwenyewe. Na usishangae nisipopiga simu."

Mama alirudi jikoni akaosha vikombe vilivyokuwa safi. Mtoto hana shukrani, alijisemea. Mtoto wa siku hizi unamlea kwa jasho, anakulipa kwa mdomo. Alivipanga vikombe, akavipangua, akavipanga upya. Lakini hasira ile ilikuwa ganda tu, na ndani yake kulikuwa na hofu. Kifo alikwisha kukutana nacho. Hili la kumpoteza mtu aliye hai, anayekula na kucheka mahali fulani bila kumkumbuka, hakujua mtu analibebaje.

Kesho yake kazini, kitone cha dereva aliyeitwa Kipara kilisimama katikati ya pori. Mnara akainua simu.

"Kipara, mbona umesimama?"

"Nimeshuka kujisaidia kichakani, Mnara. Hilo nalo uliandike?"

Simu ilikuwa kwenye kipaza sauti, na ofisi nzima ilicheka. Siku nyingine angemjibu jibu la kumnyamazisha mwezi mzima, lakini siku hiyo aliuliza swali ambalo hata yeye hakulitarajia.

"Mkeo huwa unampigia ukiwa njiani?"

"Kila nikisimama. Asiponisikia hapati usingizi."

"Mbona mimi hunipigii mpaka nikupigie?"

"Nikuambie nini?" Kipara alisema, akicheka bila ubaya. "Wewe si umeshaniona?"

Mama akakata simu akaiweka mezani. Aliitazama skrini, vitone vyote vile vikitembea, wanaume wazima waliomaliza miaka wakifuatiliwa naye, na hakukuwa na hata mmoja aliyewahi kumpigia kumwambia tu kwamba mvua imenyesha. Akaomba ruhusa. Alikwenda benki kitambulisho cha kazi kikining'inia shingoni, akitembea upesi kama anayekimbia nia yake ya jana isije ikamfikia.

"Nataka ile ya Fedha," alimwambia kijana wa tai. "Lakini ujumbe usije kwangu. Uende kwa binti yangu."

"Mfumo unapokea namba moja tu kwa akaunti nzima, mama."

"Basi weka yake."

"Ujumbe wote? Maana hapo ina maana kwamba..."

"Wote, mwanangu, wote! Andika upesi kabla sijabadili mawazo!"

Mteja anayepiga meza kwa kalamu hivyo hafafanuliwi mambo. Kijana akaandika, mama akatia sahihi kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka.

Kwenye uwanja wa ndege binti aliipokea kadi kwa vidole viwili, kama kitu kinachoweza kuuma. "Na ujumbe?"

"Unakuja kwako. Mimi sitaona kitu."

Binti alimkazia macho, akitafuta mtego, akaukosa. Alimkumbatia mama yake kwa nguvu, lakini hakuahidi kupiga simu, na mama alijizuia asimwombe.

Siku zilizofuata madereva walikiona cha mtema kuni. Mnara aliwapigia waliosimama na waliotembea, aliwauliza habari za matairi yasiyo na tatizo. Simu yake mwenyewe aliiweka kifudifudi, akaigeuza, akaificha kwenye mkoba, akaitoa. Binti alituma neno moja, "Nimefika," kisha kimya. Jioni mama alitoka kazini, akapitia kununua cha kula, akalipa kwa kadi yake mpya ya Fedha, akaenda nyumbani kuzunguka kutoka dirisha hadi dirisha. Mara ngapi alitaka kurudi benki aiombe ile namba irudishwe! Aliapa kwamba kesho angekwenda. Kesho ikifika, akaapa tena.

Simu ililia jioni moja akiwa ndiyo kwanza anaingia, viatu bado mguuni. Aliiacha ilie kidogo ili asionekane alikuwa ameishikilia.

Binti alikuwa na maneno mengi. Mwenzake wa chumbani anakoroma. Mwalimu wao wa vipimo ni mfupi, inabidi apande kiti kuchungulia kwenye chombo. Baridi inauma masikio. Mama alicheka, akaitikia, akauma mdomo asiulize lolote, na moyo ulimjaa mpaka akashika ukuta.

"Na wewe mama, unakula?"

"Nakula vizuri sana. Leo nimepika, nimeshiba hata kuinama siwezi."

"Mama."

"Abee."

"Umetoka duka la mikate sasa hivi. Jana duka la mikate. Juzi pia. Tangu niondoke, ni huko tu."

"Sokoni hawapokei kadi, mwanangu. Natoa taslimu."

"Unatoka kazini soko limeshafungwa."

Mama alijibanza ukutani. "Nani anakuambia haya?"

"Benki. Kila ukilipa, inaniambia mimi. Nilidhani ulitaka hivyo."

Joto lilimpanda usoni mpaka kwenye nywele. Mtu mzima, ndani ya nyumba yake, milango imefungwa, kumbe anaonekana. Sasa alijua Kipara alivyojisikia pale kichakani.

"Kesho asubuhi naenda wabadilishe," alisema kwa ukali.

"Nenda. Lakini leo niambie. Kwa nini hupiki?"

Angeweza kusema kazi nyingi. Angeweza kusema gesi imeisha. Uongo wote ulikuwa tayari mdomoni, umepangwa vizuri, na hakuna hata mmoja uliotoka.

"Nikipika kinabaki," alisema. "Nikikiona kimebaki, nalia. Mkate haubaki."

Upande wa pili alisikia pumzi ya mwanawe ikikatika, kisha kamasi zikivutwa.

"Usikate simu," binti alisema. "Weka maji jikoni. Na mimi naweka huku, tupike."

Mama akavua viatu, akawasha jiko.