Mkono wa Kumimina

Kabla hakujapambazuka jokofu liliguna, likatetemeka, na bilauri zilizopangwa juu yake zikaanza kugongana taratibu. Nives alilala macho wazi akizisikiliza. Binti yake, Ilenia, alikuwa ameziazima parokiani kwa ajili ya ubatizo wa mwanawe Jumapili. Nives alikuwa amepewa kazi moja tu, kuagiza mvinyo wa mapovu wa kuwatosha watu arobaini. Baada ya hapo, mwenyewe alikuwa amesema, angekaa jikoni aoshe vyombo hadi wageni waondoke.

"Mama, kama hutatoka mbele za watu, bora tuahirishe," Ilenia alimwambia.

Kuagiza mvinyo ilikuwa kazi ya Gildo, mumewe. Gildo alizikwa Februari, vilima vya Valdobbiadene vikiwa bado na theluji. Tangu hapo Nives alipika, akafua, akamwogesha mjukuu, na yote hayo aliyaona kama yanafanywa na mtu mwingine, chumba cha pili.

Kulipokucha alishuka kwa miguu katikati ya mizabibu hadi kwa Olindo, aliyewauzia mvinyo miaka yote. Alimkuta ghalani, amevaa buti za mpira, akiosha sakafu.

"Shemeji! Nilidhani umehamia kwenye bia."

"Nipe wa watu arobaini."

"Wanywaji, au watu wa kanisani?"

"Mchanganyiko. Baba mkwe wa Ilenia yumo."

"Huyo mhesabu mara mbili." Olindo alicheka. Nives alingoja amalize. "Na nani atamimina?"

Nives aligeukia chupa zilizopangwa ukutani.

"Siulizi kwa udaku. Kuna mkono unaojaza bilauri mpaka juu. Mtu anapiga soga, mvinyo unapata joto, anaumwaga kwenye maua yako. Gildo alimimina kimo cha vidole viwili tu, halafu anarudi. Anarudi tena. Chupa chache, na hakuna aliyeondoka na kiu."

"Alipenda kurudi," alisema Nives. "Kila akirudi anauliza mtu habari zake."

"Basi sasa nani?"

"Sijui. Weka nyingi tu."

"Nyingi si hesabu, shemeji."

Olindo aliburuta pipa tupu, akaligeuza juu chini, akaweka juu yake chupa isiyo na lebo na bilauri mbili. "Mimina."

"Asubuhi hii?"

"Kwani huo ubatizo wenu ni usiku?"

Nives alimimina. Povu lilipanda, likafurika, likamteremkia vidoleni. Lilikuwa baridi. Aliutazama mkono wake kwa muda, kama aliyeokota kitu njiani.

"Umeshamwagilia, sasa mwaga udongo pia, tupande viazi," alisema Olindo. "Tena."

Bilauri ya pili aliilaza kidogo. Mkono ulisimama wenyewe kwenye vidole viwili. Olindo alikunywa yote, akainyoosha ile bilauri. Nives alimimina tena, na kwa kuwa anayemimina hana la kufanya na mdomo wake, akasema, "Goti lako je?"

Olindo alilishika goti. Maji yalikuwa bado yakitoka kwenye mpira wa kuoshea sakafuni.

"Linauma mvua ikikaribia," alisema. "Tangu Februari hakuna aliyeniuliza."

Alienda kufunga bomba. Kisha akaleta katoni moja moja begani, akichechemea, akapanga nne mlangoni.

"Nne zinatosha, kama ni mkono huo. Ni mkono huo?"

"Nitamimina mimi," alisema Nives, kwa sauti kama ya mtu anayeagiza chumvi. Vidole vyake vilikuwa bado vimelowa, hakuvifuta.

Olindo aliongeza chupa moja juu ya katoni.

"Hii ni ya akiba. Isipofunguliwa, nirudishie. Lakini usimtume Ilenia, uje wewe."

"Na ikifunguliwa?"

"Basi uje uniambie ilifunguliwa."