Maiti ya Gari

Mume wa dobi alipofariki aliacha mtoto mmoja wa kiume, nyumba ya vyumba viwili, na pikapu iliyosimama juu ya mawe nyuma ya choo. Matairi yalikuwa yameuzwa zamani kununulia dawa. Kuku walikuwa wakitaga kwenye kiti cha dereva. Hata hivyo, siku ya kugawa mirathi, shemeji yake aliitaja pikapu ile kama mtu anayetaja shamba lenye maji.

"Gari ni mali ya ukoo," alimwambia karani wa mahakama. "Mwanamke atalifanyia nini?"

Dobi hakuwa na shule nyingi. Aliishia darasa la saba, na tangu hapo maisha yake yalikuwa beseni, sabuni na pasi ya mkaa. Lakini alijua kwamba mtu wa namna ile ukimpa kizingiti, kesho anadai paa. Akasema, "Andika jina la mtoto. Ndiye mwanamume wa nyumba sasa."

Mtoto alikuwa na miaka kumi na tisa. Kadi ya gari ikatoka na jina lake, mama akaifunga kwenye kitambaa na kuiweka chini ya godoro. Wiki nzima alitembea kifua mbele. Alidhani amempa mwanawe heshima ya baba yake. Hakujua kwamba ndani ya heshima ile mlikuwa na mdomo, na mdomo wenyewe unakula kila mwaka.

Baada ya miezi michache kijana alitaka kusomea udereva, na pesa hazikuwapo. Wakaja wanunuzi wa chuma chakavu na mtungi wao wa gesi. Walianza asubuhi wakiimba, na kufika adhuhuri pikapu ilikuwa vipande, imepimwa kwa kilo kama viazi, imebaki alama ya oili tu ardhini. Dobi akawatolea kadi, akidhani inakwenda pamoja na mali.

"Kaa nayo, mama," mmoja akamwambia. "Sisi tunanunua chuma. Karatasi hazina kilo."

Wakacheka wote, na yeye akacheka. Akairudisha kadi chini ya godoro.

Sasa hapo ndipo penye kosa, na si kosa la mjinga. Mtu akifa tunajua pa kwenda: tunatoa taarifa, tunachukua cheti, jina linafutwa. Gari likifa, nani alitufundisha kwamba nalo lina daftari lake, na kwamba mpaka lifutwe humo bado liko hai na linadaiwa ada ya usajili kila mwaka? Hakuna aliyekuja kudai. Serikali haikubisha hodi. Ilikaa kimya ikihesabu.

Miaka saba ikapita. Kijana akawa dereva wa gari la kiwanda cha mikate. Wenzake walimwita Taratibu, kwa sababu alishuka matuta kama aliyebeba mgonjwa, na mikate yake haikufika dukani imebonyea hata siku moja. Alioa, mkewe akawa na mimba ya miezi sita, na mama yake akaanza kupunguza nguo za kufua, maana mgongo ulikuwa umechoka.

Ndipo leseni yake ya udereva ikamalizika muda, naye akaenda kuihuisha. Akarudi nyumbani mchana, wakati ambao huwa yuko kazini, akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Wameikataa, mama. Wanasema nina gari."

Kesho yake walikwenda wote wawili. Karani wa usajili alikuwa kijana mwembamba, kalamu mbili mfukoni, na foleni nyuma yao ilifika nje.

"Unalo gari," karani akasema, akisoma kwenye kompyuta. "Pikapu. Hujalipia ada miaka saba."

"Sina gari, kaka. Ningekuwa nalo ningekuja na miguu hii?"

Watu wa foleni wakacheka. Karani hakucheka. Akaandika hesabu kwenye kipande cha karatasi: ada ya kila mwaka, faini ya kila ada, na riba juu ya faini. Chini kabisa palikuwa na mshahara wa Taratibu wa miezi kumi na mmoja.

Dobi akasogea dirishani. "Mwanangu, lile gari halikukanyaga barabara yenu hata siku moja. Lilikuwa juu ya mawe. Sasa analipia nini?"

"Ada si ya barabara, mama. Ada ni ya jina. Jina likiwa daftarini, linalipa."

"Basi lifute."

"Linafutika. Leteni gari likaguliwe, namba ya chesisi isomwe, lifutwe. Likishafutwa mnaruhusiwa kulipa deni kidogo kidogo, na leseni inafunguliwa siku hiyohiyo."

"Lilikatwa likauzwa chuma chakavu."

"Leteni kilichobaki."

"Kilichobaki ni nondo, na hizo ziko ndani ya ghorofa la mtu. Nibomoe?"

Foleni ikacheka tena. Karani akatazama saa ya ukutani, akasema, "Mimi nimewaambia utaratibu. Anayefuata."

Bosi wa kiwanda alimpa Taratibu mpaka mwisho wa mwezi. Hakuwa mtu mbaya. Alisema bila leseni hawezi kumwachia gari, na kwamba funguo haziwezi kukaa ukutani mikate ikilala. Zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili.

Nyuma ya nyumba ya dobi kulikuwa na gereji ya fundi bodi ambaye mtaa mzima ulimwita Daktari. Dobi alikuwa akimfulia maovaroli, na siku aliyompelekea nguo alimsimulia yote. Daktari alisikiliza huku akipiga msasa mlango wa teksi.

"Kwa hiyo wanataka maiti," akasema.

"Wanataka maiti."

"Tuwape maiti, mama yangu. Ile bodi pale kwenye kona ni pikapu, aina ileile, mwaka uleule. Walioileta hawakurudi. Namba yake naisaga, naigonga namba iliyo kwenye kadi yenu. Mkaguzi anasoma, anaona ndiyo, anaweka tiki, mnakwenda zenu. Mmemuibia nani?"

Dobi alilirudia swali lile njia nzima. Hatuibi, tunamzika aliyekwisha kufa. Kila alivyolirudia lilizidi kuwa tamu.

Mwanawe hakulikubali. "Mama, huko ni kughushi. Watu wanafungwa."

"Na ukipoteza kazi, mkeo atazalia wapi? Kwenye beseni langu?"

"Ngoja nirudi pale ofisini niulize tena. Labda kuna njia nyingine."

"Utapanga foleni tena siku nzima, wakwambie yaleyale. Mimi nimekubeba tumboni, baba. Nitakupeleka pabaya?"

Alimwita baba, kwa kuwa alirithi jina la babu yake mzaa mama, na alipomwita hivyo kwa sauti ile ya chini kijana hakuwahi kumshinda. Dobi akauza pasi zake mbili na meza ya kunyooshea nguo, akampelekea Daktari malipo.

Kazi ilifanyika Jumapili asubuhi. Daktari alisaga namba ya zamani mpaka chuma kikang'aa, akapanga vichapa vyake vya tarakimu kwenye gunia, akashika nyundo.

"Nisomee, mama. Mimi macho yangu na karatasi hayaelewani."

Dobi akafungua kitambaa. Akasoma herufi na tarakimu moja moja, kwa sauti, kama alivyosoma mbele ya mwalimu zamani, kidole chini ya kila moja asikosee. Kila aliposoma, nyundo ilishuka. Mwanawe alisimama langoni, amewapa mgongo. Walipomaliza, Daktari alipaka oili chafu na udongo mpaka pale mahali pakaonekana pa miaka.

Siku nne baadaye walikodi lori, wakaipeleka bodi kwenye uwanja wa ukaguzi. Taratibu alijaza fomu na kuweka sahihi chini ya maneno yaliyosema gari hili ni mali yangu. Mkaguzi alikuwa mwanamke wa makamo mwenye ovaroli na tochi. Alimwamkia dobi vizuri, akamwita mama.

"Limekaa wapi muda wote huu?"

"Nyuma ya nyumba," dobi akawahi kujibu. "Juu ya mawe."

"Kuku wamelitagia?"

"Mno."

"La marehemu baba yangu hivyohivyo," mkaguzi akasema, akachuchumaa.

Dobi akashusha pumzi. Mkaguzi akafuta oili kwa kitambaa chenye petroli. Akapitisha kidole juu ya namba, akasita, akakipitisha tena. Akaenda kwenye sanduku lake, akarudi na kichupa na kipande cha pamba, akapakaza dawa juu ya chuma. Alikaa amechuchumaa, mikono juu ya magoti, na wao wakasimama, na polepole chini ya namba aliyoisoma dobi zikaanza kupanda tarakimu nyingine, hafifu, kama alama za vidole kwenye kioo.

"Ukisaga unaondoa ngozi tu," mkaguzi akasema bila kumtazama mtu. "Nyundo ya kwanza inaingia ndani zaidi."

Akaziandika zile tarakimu, akaingia ofisini. Alipotoka alikuwa na askari wawili, na uso wake ulikuwa umebadilika. Pikapu ile ilikuwa ya muuza maziwa. Miaka mitatu nyuma alitoka nyumbani alfajiri na mapipa yake, akaonekana siku ya tano mtaroni amekufa, na gari halikuonekana tena mpaka leo.

Askari mkubwa akauliza, "Mwenye gari nani?"

"Mimi," dobi akasema. "Mimi nimelipa. Mimi ndiye niliyesoma namba ikigongwa. Huyu alikataa. Muulizeni fundi, yuko nyuma ya nyumba yangu."

Askari akaichukua kadi, akaiangalia, akaichukua fomu, akaiangalia. "Kadi inasema ni huyu. Na sahihi ni yake."

"Sahihi nimemwambia aweke mimi."

"Mama, humu hamna sehemu ya mama."

Taratibu akatoa mikono yake mwenyewe. "Ni gari langu," akasema. "Mama hajui kitu, amenisindikiza tu. Mama, nenda nyumbani, mwambie mke wangu asinisubiri kula."

Askari walipofika kwa Daktari walikuta lango lina kufuli, na vichapa havipo.

Kabla dobi hajaondoka uwanjani, mkaguzi alimkalisha kwenye benchi, akampa maji. Akamuuliza nani aliwaambia walete gari. Dobi akasema karani. Mkaguzi akatikisa kichwa muda mrefu.

"Gari lililokwisha kuharibiwa linafutwa kwa kiapo, mama. Unaapa kwa hakimu, mashahidi wawili, na barua ya mwenyekiti wa mtaa kwamba lilikatwa. Asubuhi moja inatosha. Na ada za miaka ambayo gari halikuwapo huwa zinasamehewa."

Dobi alishika kikombe kile mpaka maji yakapata joto la mikono yake.

Kesi ilikwenda miezi mitano. Hakimu aliamini kwamba Taratibu hakumuua mtu, lakini namba ni namba na sahihi ni sahihi. Akampa miaka minne. Mjukuu wa dobi alikuwa amezaliwa wiki sita kabla, msichana, na mkewe Taratibu akamchukua mtoto akarudi kwao, hakugombana na mtu.

Dobi alikwenda gerezani kila siku ya kuona wafungwa. Anafua sasa, nguo zinarudi bila kunyooshwa, wateja wanalipa nusu. Mara ya tatu mwanawe alimwambia kupitia wavu, "Lifute lile gari, mama. Humu nilimo ada bado inapanda. Nitatoka nikute deni limeota mvi."

Akaenda. Alikula kiapo kwa hakimu. Majirani wawili waliokumbuka mtungi wa gesi walitia sahihi, mwenyekiti akaandika barua papo hapo, amesimama. Karani yuleyule akapokea karatasi, wala hakumkumbuka. Kabla ya saa sita alikuwa na fomu mkononi, imegongwa muhuri, imebaki sahihi ya mwenye gari.

Akaipeleka gerezani. Askari akaikagua, akaipitisha chini ya wavu pamoja na kalamu. Taratibu aliisoma yote, taratibu, kama anavyofanya kila kitu.

"Ni hii tu?" akauliza.

"Ni hii tu, baba."

Akaigeuza kuangalia nyuma, pengine kuna mengine yameandikwa. Nyuma palikuwa peupe. Akaigeuza tena, akatafuta mstari, akatia sahihi.