Ndege ya Jumamosi

Simu iliingia parokiani Litembo siku ya Jumanne, masika ya mwaka 1997: Joakim amelazwa Dar es Salaam, hali yake mbaya, anamtaka mama yake.

Margareta alikuwa mjane, na Joakim ndiye mtoto pekee aliyembakia. Mama huyo hakuwahi kuvuka Songea. Alishuka kwa miguu hadi Mbinga mjini, dukani kwa Thabiti, aliyekuwa akinunua kahawa yake tangu watu binafsi waruhusiwe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Dar ni mbali kiasi gani?"

"Kwa basi, na matope haya, siku mbili au tatu. Lakini sasa kuna kampuni inarusha ndege kutoka Songea. Angani haifiki hata kilomita mia sita. Saa moja na nusu tu."

"Saa moja na nusu?" Margareta alikaa juu ya gunia. "Kutoka kwangu mpaka hapa nimetembea zaidi ya hapo."

Thabiti akampigia simu wakala, akampatia nafasi kwenye ndege ya Alhamisi, kisha akamtafutia lori la kumfikisha Songea. Lori lilizama njiani. Abiria walisukuma, wakakata matawi wakayatandika chini ya magurudumu, wakasukuma tena. Alhamisi asubuhi, wakiwa bado mbali na mji, walisikia ngurumo juu ya mawingu.

"Ndiyo hiyo," alisema dereva, asimtazame.

Margareta alisubiri Songea kwa masista hadi Jumamosi. Ndani ya ndege alishika rozari, akajipangia atakavyomwosha Joakim uso na kumkorogea uji mwepesi.

Mkwewe Lidia alikuwa akimngoja uwanjani, amejifunga kanga nyeusi kichwani.

"Lini?" Margareta aliuliza.

"Jana asubuhi, mama. Alikuwa akiuliza kama ndege yako imefika."

Margareta alishika nguzo. Watu walipita na mizigo yao, wakampisha.

Ndege ilikuwa ndogo, haikuweza kubeba jeneza. Ndugu wakakodi lori, wakamshauri yeye arudi kwa ndege, awatangulie nyumbani.

"Sikumkuta hai," alisema. "Sasa mnataka nimwache tena?"

Alikaa nyuma ya lori siku tatu, mkono juu ya ubao wa jeneza, akilishikilia kila walipopita kwenye mashimo. Lidia alikaa upande wa pili. Mvua iliponyesha walivuta turubai, wakajifunika wote watatu.

Walimzika Litembo, chini ya mibuni aliyoipanda baba yake. Majirani walipomuuliza Margareta dunia inaonekanaje kutoka angani, alijibu kwamba hakutazama nje.

Lidia hakurudi Dar upesi. Alibaki hadi msimu wa kuchuma kahawa, wakachuma pamoja.