Nchi ya Unga

Usingizi ulimchukua Mwasiti alasiri, akiwa bado na sare ya kiwanda cha biskuti, mwili umechoka na moyo haujatulia. Jana yake meneja alimwita yeye peke yake, msimamizi wa tanuri kwa miaka kumi na tisa, akamwambia kiwanda kitafungwa Ijumaa. "Wenzako wasijue," alisema. "Ukinyamaza, wewe nitakutafutia nafasi kwingine." Na asubuhi ya leo shoga yake Leokadia, wa kitengo cha kufungasha, alimwambia ameitwa kazi ya upishi shuleni Dodoma ila atakataa, maana kiwanda ndicho anachokiamini. Mwasiti aliitikia tu.

Ndotoni alijikuta katika nchi nyeupe, unga umetanda ardhini mpaka upeo wa macho, upepo ukifuta nyayo za kila apitaye. Wenzake wa kiwandani walipita kwa safu, wakicheka, na mbele yao ardhi ilikuwa imekatika, korongo halina mwisho. Kandoni aliketi mwanamke nadhifu, mwenye sauti laini, aitwaye Woga. Alimshika Mwasiti mkono. "Kaa nami, mwanangu. Waache wafurahie hatua hizi chache. Ukiwaambia leo, watakuuliza jana ulikuwa wapi."

Wa kwanza akatumbukia bila sauti, kisha wa pili. Ndipo akasogea mwanamke mwingine, miguu peku, uso umebabuka kwa jua, aitwaye Kweli. "Daraja la kuwavusha sina," alisema taratibu. "Nilicho nacho ni habari ya korongo tu. Lakini aliyeambiwa huchagua pa kukanyaga. Asiyeambiwa amekwisha kuchaguliwa pa kuangukia." Mwasiti akamwona Leokadia, hatua tatu kutoka ukingoni. Alipofumbua kinywa, unga ukamjaa kooni. Akauchomoa mkono wake kwa Woga kwa nguvu zote, akazinduka akikohoa.

Jua lilikuwa bado juu. Hakuhitaji mfasiri wa ndoto: kimya chake hakikuwa utii, bali alikuwa akijiokoa kwa kuwaacha wenzake watumbukie. Akatoka kama alivyo, akamkuta Leokadia barazani kwake, simu mkononi.

"Umewajibu wa Dodoma?"

"Ndiyo naandika, nawakatalia."

"Usiwakatalie, shoga. Kiwanda kinafungwa Ijumaa."

Leokadia akainua macho kutoka kwenye simu. "Umejua tangu lini?"

"Tangu jana."

"Na asubuhi ukaniitikia."

"Nilikuitikia. Niliogopa."

Leokadia akafuta alichokuwa ameandika, akaingia ndani, akamfungia mlango. Mwasiti akashika njia kwenda nyumba ya pili, ya mwenzao mwingine wa kiwandani.