Kengele Iliyojaa Majani

Usiku wa jana niliota nimepungukiwa. Sikuwa na viatu. Sikuwa na mkuki wala rungu. Miwani sikuwa nayo, ingawa niliona vizuri kuliko kawaida. Jino la mbele, ambalo mchana ninalo, halikuwapo. Sikuwa na mbwa, nami nimesimama katikati ya pori saa sita mchana. Tena sikuwa na la kusema, jambo ambalo halijanipata tangu nilipohitimu kisomo cha jioni, nikiwa wa pili. Wa kwanza alikuwa anarudia.

Ndipo likaja paja.

Lilikuwa paja la nguruwe pori, la nyuma, la kulia, lenye manyoya mekundu. Lilikuja likirukaruka kwa kwato lake moja, likasimama mbele yangu kwa adabu.

"Shikamoo, Katibu."

"Marahaba. Watoka wapi?"

"Tumboni mwako," likasema. "Nimekaa humo miaka kumi na tisa. Namtafuta mwenyewe."

Nikalieleza, taratibu, kwamba mwenyewe ni mimi. Niligawiwa paja hilo mbele ya kikundi kizima, kwa kanuni ya tatu.

"Kanuni hiyo aliiandika nani?"

"Mimi."

"Basi nimefika," likasema, na likakaa chini. Sijui paja hukaaje, lakini lilikaa.

Hapa inafaa nieleze. Tulikuwa na kikundi cha kuwinda nguruwe pori waliokuwa wakitumalizia mtama, nami nilikuwa katibu wake. Kila mbwa alivaa kengele ya chuma shingoni, na kila kengele ilikuwa na sauti yake. Wakati wa kwenda porini kengele huzibwa kwa majani, nguruwe asisikie. Tukifika, majani yanachomolewa, mbwa wanaachiwa, nasi tunabaki nyuma tukitega masikio. Kengele inayotangulia kusikika pale mnyama anapokoroma, mbwa wake ndiye aliyeng'ata kwanza, na mwenye mbwa huyo hupewa paja la kulia. Wazee waliishi hivyo bila kuandika. Mimi niliandika, kwa wino, maana ndiyo kwanza nilikuwa nimejifunza nukta mkato. Kanuni ya pili nayo ilikuwa hii: aliyeziba ndiye azibue. Mzibaji alikuwa mimi.

"Twende darasani," likasema paja.

Hatukwenda. Pori lenyewe lilikunjika likawa darasa la kisomo cha jioni, ila jua lilikuwa la mchana. Kwenye madawati wameketi mbwa, miguu ya mbele juu ya meza. Mwalimu ni Msomi, mbwa wangu mwenyewe, aliyekufa zamani. Amevaa miwani yangu.

"Umechelewa, Chibago," anasema Msomi.

"Nilikuwa na mgeni," nasema. Paja linainama kidogo.

"Soma kanuni ya tatu."

Nasoma. Nikisema "kengele," kengele zote shingoni mwao zinalia. Nikisema "paja," paja linasimama. Nikisema "mbwa," wote wanabweka mara moja na kunyamaza. Sijawahi kusikilizwa kwa nidhamu kama ile.

Mbwa mmoja tu hakulia. Yuko dawati la nyuma, mwembamba, mbavu zinahesabika. Namjua. Ni Semeni, mbwa wa Ndahani.

Ndahani alikuwa rafiki yangu. Alipomleta mbwa huyo kutoka Kondoa, watu walimcheka kwa ukondefu wake, naye akampa jina Semeni, wacheke wachoke. Siku ya nguruwe yule mwekundu, kengele ya Msomi ndiyo iliyosikika. Ya Semeni haikusikika kabisa. Tulipofika tulimkuta Semeni ananing'inia kwenye sikio la nguruwe, damu hadi machoni.

"Huyu ndiye aliyeng'ata!" Ndahani alisema. "Mtazameni kinywa!"

"Hata fisi ana damu kinywani, naye huja mwisho," nilimjibu, na watu wakacheka hadi wakakaa chini.

Ndahani akaifungua kengele ya Semeni shingoni, akaitupa miguuni pangu. "Chukua na hii. Ya kwako peke yake haikutoshi." Mwezi uleule akahamia kwa binti yake, Kondoa.

Kengele ile ilianguka bila mlio. Wote waliona, lakini aliyejua kwa nini ni mimi peke yangu. Ilikuwa imejaa majani. Nilizizibua zote asubuhi ile nikaisahau moja. Nilikuwa na nafasi ya kusema kabla paja halijakatwa. Nilikuwa na nafasi hata baada ya kuliwa. Nikaipeleka kengele nyumbani nikaitundika msumarini, na majani yake ndani.

"Semeni," anaita Msomi, "nani aliyeng'ata kwanza?"

Semeni hajibu. Kengele iliyo shingoni mwake ndiyo inayojibu, lakini mdomo wake umejaa.

"Mmf," inasema.

"Haisikiki," anasema Msomi. "Kwa kanuni ya tatu, hakung'ata."

Mbwa wote wananigeukia. Hawana hasira. Wananitazama kama wanavyotazama shimo la nungunungu, kutaka tu kujua kitakachotoka.

"Kanuni ya pili inasemaje, Katibu?" paja linaninong'oneza.

Najua inavyosema. Naenda dawati la nyuma, napiga magoti, naingiza vidole kwenye kengele. Nachomoa jani. Ni bichi, lina umande wa asubuhi ile. Nachomoa la pili, la tatu. Hayaishi. Yanajaa sakafu, yanafika magotini, madawati yanaanza kuelea. Pamoja na majani kinatoka kicheko cha kikundi kizima, kikiwa kimekunjwa, na maneno yangu kuhusu fisi, ambayo yalikuwa yameoza kidogo.

"Endelea," inasema kengele, sasa kwa sauti nusu. "Bado moja."

"Likitoka utasemaje?"

"Ulilokwisha kulijua. Ulidhani nini? Mimi ni kengele."

Nikachomoa la mwisho. Kengele ikalia mara moja, mbali kwanza, upande wa vichaka, pale nguruwe alipokoroma. Nikahesabu kama siku ile. Moja, mbili, tatu, nne. Ndipo ikalia ya Msomi.

Msomi akavua miwani yangu, akaipangusa kwa ulimi, akanirudishia. "Hata mimi nilikuwa wa pili," akasema.

"Baba Nyemo! Unabishana na nani?"

Alikuwa mke wangu. Kumekucha.

"Na paja," nilimjibu.

"La nani?"

"Ndilo swali lenyewe."

Akanitazama kama atazamavyo chungu kinachovuja. "Wiki yote ni hivyo. Kaa uandike hiyo barua, mzee mwenzangu, tulale."

Hiyo barua nilikuwa naianza tangu tulipoletewa habari kwamba Ndahani ameanza kusahau majina. Wajukuu amewasahau wawili. Jina la mbwa wake bado analo, lakini kwa siku ngapi hakuna ajuaye. Kila jioni niliandika "Salamu nyingi, natumaini hujambo," kisha nikaboresha mwandiko.

Mke wangu akafungua mlango. Upepo ukaingia, na kengele ikalia msumarini.

Akasimama. "Hiyo tangu lini inalia?"

Nikaiteremsha. Ilikuwa tupu, safi, kana kwamba imeoshwa. Nikafungua kiganja. Kati ya vidole palikuwa na jani moja, bichi, lenye umande. Ni mwezi wa kumi. Kijijini kwetu mwezi wa kumi hata mbuzi amesahau rangi ya jani.

Nikaandika bila kuboresha mwandiko:

"Ndahani. Semeni ndiye aliyeng'ata kwanza. Kengele yake niliisahau na majani ndani, nikaona, nikanyamaza. Paja lilikuwa lako. Mbwa wangu alikuwa wa pili, na mimi pia. Chibago."

Nikalitia jani ndani ya bahasha. Gundi sina, nikaifunga kwa tonge la ugali wa jana, nikaikandamiza kwa dole gumba hadi ikashika. Mhawi, fundi baiskeli wetu, alikuwa anapita kwenda mnada wa Kondoa na kuku zake. Nikamsimamisha.

"Mpe Ndahani mkononi. Kama macho hayawezi, msomee. Ukifika kwenye jina la mbwa, tikisa hii."

Akaipokea kengele, akaigeuza. "Itanipigia kelele njia nzima, mzee." Akainama, akachuma nyasi kavu kando ya njia, akaanza kuiziba.

"Wacha," nikamwambia. "Iache hivyo hivyo."

Akaifunga kwenye usukani, barua akaitia mfukoni, akaondoka. Nilisimama nikiisikiliza hadi ilipovuka korongo.