Masomo Kumi na Matatu

Ukuta wa shule ya binti yangu una masomo kumi na matatu. Yameandikwa kwa rangi ya bluu, kuanzia getini mpaka kwenye kona ya tangi la maji, na ukitembea taratibu unayamaliza yote kabla hujafika mtaa wa pili. Siku ya kwanza nilipompeleka, nilisimama pale nikamsomea moja moja kwa sauti. Mimi utotoni nilisoma manne, na hayo manne niliyaacha njiani. Sasa ndiyo nayaokota, katika madarasa ya jioni, nikiwa na watu wazima wenzangu wanaosinzia huku wameshika kalamu.

Tulipofika kwenye neno Maabara, nikasema moyoni: hapa hapa, mwanangu hatoki.

Nilikuwa na sababu. Huyu mtoto tunamwita Bi Kwanini. Tangu ajue kusema hajaacha kuuliza. Kwa nini povu la sabuni lina rangi, kwa nini uzi mweusi ukilowa unazidi kuwa mweusi. Nikiwa kwenye cherehani namjibu ninachojua, na nisichojua namwambia, "Hilo kamuulize mwalimu."

Ijumaa, siku moja kabla ya Siku ya Wazazi, alirudi na madaftari yote. Ni desturi yao: madaftari huletwa nyumbani yavalishwe majalada mapya ya karatasi, kisha Jumamosi yanapangwa mezani wageni wayafungue. Mwaka uliopita nilivalisha bila kufungua. Mwaka huu nilifungua daftari la Muziki, nikitaka tu kuona mwandiko wake umekua kiasi gani.

Kazi yangu ni kuangalia mshono. Nguo ikiletwa dukani najua kama imeshonwa kwa siku tatu au kwa saa moja ya haraka. Basi nikaona. Somo la mwezi wa pili na somo la mwezi wa sita yalikuwa na wino mmoja, wa kalamu moja, inayokwama mahali pale pale. Ukurasa wa kwanza herufi zimesimama wima. Ukurasa wa tisa zimelala chali kwa uchovu. Mimi nanakili kila jioni, nisiujue mkono uliochoka kunakili?

"Bi Kwanini, tarehe kumi na nne ya mwezi wa tano ulikuwa wapi?"

"Kitandani. Si nilikuwa na tetekuwanga? Ukanipaka ile dawa ya waridi, baba akasema nimekuwa keki."

"Na hapa umeandika, 'Leo tumejifunza kupiga kinanda.'"

"Hiyo tumeandika wiki hii. Muziki Jumatatu, Kifaransa Jumanne, Bustani sijui lini, Maabara jana. Mwalimu anaandika ubaoni kutoka daftari la mfano, na tarehe anatupa, sisi tunanakili. Mama, mkono umeniuma mpaka hapa." Akanionyesha begani.

"Na kinanda chenyewe?"

"Kiko ofisini kwa Mwalimu Mkuu, kimefunikwa kitambaa. Kwa nini kimefunikwa?"

Nilikunja karatasi ya jalada nikaikunja tena, mpaka ikachanika. Mtoto hakuona. Alikuwa ameshasimama katikati ya chumba, mikono imebana mapajani, kidevu juu.

"Wageni waheshimiwa! Katika maabara yetu, mimi hupenda sana kutazama seli za kitunguu kwa hadubini!" Akashusha kidevu. "Kesho mimi ndiye nitakayesema. Mwalimu amesema nina sauti ya kufika nyuma." Kisha akanisogelea, akashusha sauti ile ya kufika nyuma. "Mama, seli ya kitunguu inafananaje? Mgeni akiniuliza nitasema nini?"

Hapo ndipo nilipowaka. Kunakili kwenyewe ningeweza kusamehe. Lakini wamemchukua mtoto anayeuliza kwa nini, wamemfundisha kusimama mbele ya watu na kudanganya kwa sauti nzuri. Hilo ndilo somo la kumi na nne, na halimo ukutani. Hilo pekee ndilo walilolifundisha kwa vitendo.

Baba yake alinisikiliza mpaka mwisho, akakuna shingo. "Mpigie dada kwanza. Asije akasikia kwa watu."

Dada yake, wifi yangu, ni karani wa ile shule. Ndiye aliyetutafutia nafasi, na ndiye aliyeniletea kazi ya kuwashonea makoti kumi na mawili meupe ya maabara.

"Wifi yangu mpenzi," akasema kwenye simu, "shule zote ziko hivyo. Mwalimu mmoja ana masomo saba, atafanyaje? Kinachotakiwa mtoto afaulu mtihani. Kinanda kitamsaidia nini?"

"Basi wakifute ukutani."

"Haya, umeanza. Tangu uanze masomo yako ya jioni hushikiki."

"Ningekuwa sishikiki ningekuwa nimeshafika hapo kwako."

"Kesho usinitie aibu. Mimi ndiye niliyekuleta."

"Aibu mmeishona nyie, wifi. Mimi nimeona uzi tu."

Akakata. Sikuvalisha madaftari yaliyobaki. Nilimwambia mtoto kwamba kesho asiseme chochote asichokifanya. Akaniuliza, "Na Mwalimu akikasirika?" Nikamwambia atanikasirikia mimi, kifua changu kipana.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Mwalimu Mkuu alivaa suti ya rangi ya majivu iliyombana kwapani. Ningekuwa na amani ningempa ushauri wa bure. "Masomo kumi na matatu, waheshimiwa wazazi! Na yote kwa vitendo!" Watu wakapiga makofi. Mwaka uliopita na mimi nilipiga, mpaka viganja vikawasha. Hilo pia lilinikera.

Tukapelekwa maabara, chumba kimoja chenye harufu ya rangi mpya. Mezani kulikuwa na hadubini moja, sahani yenye kitunguu kizima, na vipande vya kioo ndani ya boksi lake. Watoto kumi na wawili walisimama mstari mmoja wakiwa wamevaa makoti yangu.

Niliyashona mwanzo wa mwaka. Niliyapiga pasi, nikayakunja mara nne, nikachomeka pini mbili ndogo nyuma ya kola ili mkunjo usifumuke njiani. Sasa nilimtazama mtoto wa kwanza, nikamtazama wa pili. Mistari ya mkunjo ilikuwa palepale, msalaba mgongoni, kama nimeyakunja jana. Nikainama nyuma ya binti yangu, nikapitisha kidole chini ya kola. Pini zangu mbili zikanisalimia.

Miezi sita. Mwanangu amevikwa koti lenye pini shingoni, na hakuna mtu mzima aliyelikunjua kwa mkono wake hata akaziona.

Mwalimu wa darasa, mwanamke kijana mwenye macho ya kukosa usingizi, alimgusa Bi Kwanini begani. Mtoto akapiga hatua mbele. Mikono ikabana mapajani.

"Wageni waheshimiwa!" Sauti ikafika nyuma. Kisha ikasimama. Akanitafuta kwa macho. "Katika maabara yetu... mimi ningependa sana kutazama seli za kitunguu. Lakini sijawahi. Leo ndiyo mara yangu ya kwanza kuingia humu."

Mzazi mmoja akacheka, akidhani ni utani. Mwalimu Mkuu naye akacheka, kwa haraka. "Watoto, watoto! Wakiona wageni wanasahau kila kitu."

"Hajasahau," nikasema. Nilizichomoa zile pini mbili, nikaziweka kwenye kiganja changu, nikazinyoosha mbele ya suti ya majivu. "Hizi nilizichomeka mimi mwezi wa kwanza. Zimo kwenye makoti yote. Kagueni watoto wenu msije mkawakumbatia zikawachoma."

Chumba kizima kikaanza kupapasa kola. Pini zikawa zinatoka moja moja, zinawekwa mezani, tik, tik. Baba mmoja mnene alichomoa za mwanawe akabaki anaziangalia tu. Wifi yangu alikuwa mlangoni na faili kifuani. Hakunitazama.

"Mama, tafadhali, tuzungumze ofisini," akasema Mwalimu Mkuu, meno yamebana.

"Ofisini kuna kinanda kimefunikwa. Tuzungumze hapa. Nani anajua kutumia hii?" Nikaonyesha hadubini.

Mwalimu wa darasa akainua macho, akasema polepole, "Mimi sijawahi kuonyeshwa. Kabati hufunguliwa siku kama ya leo. Niliomba funguo mara mbili, nikaambiwa hadubini itaharibika."

Alisema kweli, na mimi niliyekuja na hasira ya kuwagawia wote nikaona yeye sina fungu la kumpa.

"Isiguswe!" akasema Mwalimu Mkuu. "Ni kifaa ghali."

Nikaigusa. Madarasa ya jioni tunayo moja, kuukuu, watu thelathini, kila mtu ana dakika mbili zake, na dakika zangu mbili sijawahi kuzichezea. Nikaisogeza dirishani, nikageuza kioo cha chini mpaka kikashika mwanga. Nikatoa mkasi wangu wa nyuzi, nikapasua kitunguu, nikabandua ngozi ile nyembamba ya ndani, nikailaza kwenye kipande cha kioo na tone la maji ya chupa ya mgeni. Nikasubiri hasira itulie kwanza, maana hasira haioni kwenye tundu dogo.

"Njoo," nikamwambia. "Fumba jicho moja. Zungusha hiki pole pole. Pole pole, Bi Kwanini, si bomba hilo."

Akainama. Koti lilimpanda mgongoni, na ule msalaba wa mkunjo kwa mara ya kwanza ukaanza kuvurugika. Akazungusha, akarudisha, akazungusha tena.

"Matofali," akasema. "Mama, ndani ya kitunguu kuna ukuta wa matofali."

Mtoto wa nyuma yake akamsukuma aone. Kisha mwingine. Yule baba mnene akasema, "Kaeni foleni, jamani, na sisi tuone," na wazazi wakapanga foleni nyuma ya watoto. Mwalimu wa darasa alisimama karibu yangu akifuata vidole vyangu kwa macho. Mwisho akauliza kwa kunong'ona, "Kile kioo cha chini, unakigeuza upande gani?" Nikamshika mkono nikamwonyesha.

"Jumatatu saa mbili, ofisini kwangu," Mwalimu Mkuu akaniambia, akatoka. Baba mnene akasema naye atakuwepo. Mama mmoja akauliza mlango wa hiyo ofisi uko upande gani, asije akapotea.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, tukaupita ule ukuta wa bluu. Sikumsomea. Hasira bado nilikuwa nayo, na naomba ikae mpaka Jumatatu, isije ikapoa nikaenda kuomba radhi. Bi Kwanini alikuwa amekumbatia madaftari yake, yaliyovalishwa na yasiyovalishwa.

"Mama, yale niliyoandika ya uongo, niyafute?"

"Usifute hata tarehe moja."

"Kwa nini?"

"Jumatatu naenda nayo."